Chupa ya Ngazija

Jumamosi ya tarehe 23 Novemba 1996, Boeing 767 ya Shirika la Ndege la Ethiopia iliruka kutoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Baada ya Nairobi ilikuwa iendelee hadi Brazzaville, Lagos na Abidjan. Ndani yake walikuwamo watu 175. Ndege ilikuwa bado haijakaa sana hewani vijana watatu walipoinuka vitini, wakavamia chumba cha marubani, wakampiga rubani msaidizi na kumtoa nje. Kisha wakatangaza kwamba wao ni kumi na mmoja, na kwamba wana bomu. Safari ya Nairobi imekwisha, walisema. Sasa ni Australia.

Rubani Leul Abate hakuwa mgeni wa mambo hayo. Alikuwa ameshatekwa mara mbili kabla ya siku hiyo, na mara zote mbili alirudi nyumbani mzima. Akawaeleza kwa upole kwamba mafuta yaliyomo ni ya kufika Nairobi tu, na Australia iko ng'ambo ya bahari nzima. Wale vijana wakamwonyesha jarida la shirika lililokuwa kwenye mifuko ya viti, lililoandika kwamba ndege ya aina ile huweza kukaa angani saa kumi na moja. Jarida halikusema uongo. Lilizungumzia tangi lililojaa. Bishana na mtu aliyesoma sentensi moja!

Leul akaelekea kusini akiambaa na pwani ya Afrika, akitumaini kwamba watachelewa kugundua. Walipoona nchi kavu bado iko dirishani wakamlazimisha aingie baharini, naye akaelekeza pua ya ndege Visiwa vya Komoro bila kuwaambia. Mafuta yakaisha, injini moja ikanyamaza, kisha ya pili. Ndege ikaangukia majini mita mia kadhaa tu kutoka ufukwe wa Mitsamiouli, kaskazini mwa kisiwa cha Ngazija, mbele ya hoteli iliyokuwa imejaa watalii. Mmoja wao alikuwa na kamera ya video, na ndiyo maana hadi leo dunia imeona bawa la kushoto likigusa maji na ndege ikivunjika vipande. Wavuvi, watalii na madaktari waliokuwa likizoni waliingia baharini kuokoa watu. Walipona 50 na kufa 125. Baadhi ya waliokufa walizama kwa sababu walijaza upepo majaketi ya kuokolea maisha wakiwa bado ndani. Maji yalipoingia, majaketi yakawainua hadi darini na kuwabana huko.

Kati ya waliokufa alikuwamo Mohamed Amin, mpiga picha wa Kenya ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliamsha ulimwengu. Mkono mmoja alishaupoteza Addis Ababa mwaka 1991, ghala la silaha lilipolipuka. Manusura walisimulia kwamba hadi dakika za mwisho alikuwa amesimama akibishana na watekaji.

Na lile bomu? Ilikuwa chupa ya pombe iliyofunikwa. Silaha za kweli walizokuwa nazo vijana wale zilikuwa shoka na mtungi wa kuzimia moto, na vyote viwili walivikuta humo humo, mali ya ndege yenyewe.

Nimeanza na chupa hiyo kwa sababu kila mara ninapovua mkanda mbele ya mashine ya ukaguzi na kutoa mfuko wangu mdogo wa plastiki wenye mafuta ya nywele na dawa ya meno, hunijia akilini chupa ile. Sheria ya mililita mia, tunayoijua sote kama tunavyoijua nauli ya daladala, ni sheria ya chupa. Lakini haikuzaliwa Ngazija, wala haikuzaliwa mara ya kwanza chupa ilipoua.

Zamani begi la mkononi halikuwa na mwenyewe zaidi ya abiria. Mtu alipanda ndege kama apandavyo basi. Marekani, kati ya 1968 na 1972, ndege zaidi ya 130 zilitekwa, nyingi zikipelekwa Kuba, na mashirika yakaona nafuu kumtii mtekaji kuliko kuwaudhi wateja kwa kuwapekua. Hali ilibadilika Novemba 1972, watekaji wa ndege ya Southern Airways walipotishia kuiangusha juu ya kituo cha nyuklia cha Oak Ridge. Tarehe 5 Januari 1973 ukaguzi wa kila abiria na kila begi la mkononi ukawa lazima nchini humo. Mwaka uliofuata Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, lenye makao yake Montreal, likapitisha Kiambatisho cha 17, ambacho ndicho kinachozibana nchi zote wanachama kuhusu usalama wa ndege hadi sasa.

Ukaguzi huo ulitafuta chuma. Bunduki, kisu, bomu la mkono. Hata hicho chuma hakikupatikana kila mahali: walioiteka mwaka 1976 ndege ya Air France na kuipeleka Entebbe, kwa Idi Amin, walipandia Athens na silaha zao. Februari 1982 ikawa zamu yetu. Ndege ya Air Tanzania iliyotoka Mwanza kwenda Dar es Salaam ilitekwa na vijana waliotaka Mwalimu Nyerere ajiuzulu, ikapitishwa Nairobi, Jeddah na Athens, mwisho ikatua Stansted, Uingereza, ambako walijisalimisha. Wasafiri wa Mwanza waliodhani jioni watakula Kariakoo walijikuta kwenye baridi ya Februari ya Kiingereza.

Chupa iliingia kwenye hadithi tarehe 29 Novemba 1987. Mwanamume mzee na msichana, wakijifanya baba na binti wa Kijapani, walipanda Baghdad ndege ya Korean Air iliyokuwa ikielekea Seoul kupitia Abu Dhabi na Bangkok. Walikuwa majasusi wa Korea Kaskazini. Walibeba redio ndogo na chupa iliyoonekana ya pombe; redio ilikuwa na kilipuzi kigumu, chupa ilikuwa na kilipuzi cha majimaji. Kwa maelezo aliyoyatoa baadaye yule msichana, Kim Hyon-hui, wakaguzi wa Baghdad walizitoa betri za redio, kwani betri zilikatazwa, na mzee akafoka, akazirudisha na kuiwasha ili waisikie ikiimba. Wakampisha. Chupa, kwa masimulizi hayo, haikumshughulisha mtu. Wakaweka begi kwenye kabati la juu ya viti, wakashuka Abu Dhabi. Ndege iliteketea juu ya Bahari ya Andaman na watu 115. Wawili hao walikamatwa Bahrain. Mzee akajiua kwa sumu palepale, msichana akabaki na kueleza yote. Kwa hiyo tangu wakati huo hakuna mtaalamu wa usalama aliyeweza kusema hajui kwamba chupa yaweza kuangusha ndege.

Miaka saba baadaye, Desemba 1994, Ramzi Yousef alipanda Manila ndege ya Philippine Airlines akiwa na kichupa cha dawa ya kusafishia lenzi za macho. Alikiunganisha na saa ya mkononi, akakiacha chini ya kiti na kushuka Cebu. Kililipuka njiani kuelekea Tokyo, kikamuua abiria mmoja. Rubani alifanikiwa kuitua ndege Okinawa. Yousef alikuwa akifanya jaribio tu. Mwezi uliofuata, moto katika nyumba aliyopanga Manila ulifichua mpango wa kulipua ndege nyingi za Marekani kwa pamoja kwa njia hiyo hiyo. Akakamatwa, akafungwa maisha. Vichupa vya lenzi vikaendelea kusafiri mifukoni mwa watu dunia nzima.

Kisha Ngazija. Ukizipanga hizo tatu kwa mstari utaona jambo la ajabu. Mbili za kwanza zilikuwa na kilipuzi cha kweli, na ya tatu ilikuwa na pombe, lakini hiyo ya tatu iliua watu wengi kuliko ya kwanza. Iliua kwa sababu mbili za kwanza zilikuwapo. Rubani hawezi kumwambia mtu "hebu fungua tuone" ilhali anajua kwamba chupa kweli hulipuka.

Septemba 2001 macho yote yalirudi kwenye chuma. Kabla ya siku ile, kanuni za Marekani ziliruhusu kisu chenye ubapa usiozidi inchi nne, kama sentimita kumi. Baada yake mikasi ya kucha ikageuka silaha, na wahudumu wa ndege wakaanza kugawa vijiko vya plastiki. Jambo la maana zaidi lililofanyika halikuonekana kwenye mashine za ukaguzi: milango ya vyumba vya marubani iliimarishwa na kufungwa, na kufikia Novemba 2003 ilikuwa sharti la kimataifa kwa ndege kubwa za abiria. Hilo ndilo jibu halisi kwa wale vijana watatu. Laiti mlango wa Leul ungekuwa wa namna hiyo, shoka lingebaki ukutani na chupa ingebaki chupa.

Orodha ya vitu vilivyokatazwa ilirefuka kiasi kwamba Ulaya iliifanya siri. Mnamo Septemba 2005 Mwaustria mmoja alishushwa kwenye ndege uwanja wa Vienna kwa sababu alikuwa na raketi za tenisi. Akauliza, imeandikwa wapi? Imeandikwa kwenye kiambatisho cha kanuni ya Umoja wa Ulaya. Kiko wapi nikisome? Hakichapishwi. Bwana yule akaenda mahakamani, na tarehe 10 Machi 2009 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaamua kwamba kiambatisho ambacho hakijachapishwa hakiwezi kumbana raia. Inachekesha na inatisha kidogo: kwa miaka kadhaa mamilioni ya watu walitii orodha ambayo kwa sheria hawakuruhusiwa kuiona.

Hatimaye London. Katika nyumba moja ya Walthamstow, mashariki mwa jiji, polisi wa Uingereza walikuwa wametega kamera na vinasa sauti wakiwafuatilia vijana waliokuwa wakishughulika na chupa za vinywaji baridi, zile za nusu lita ambazo kila mtoto hununua. Mpango ulikuwa kuzijaza kilipuzi huku kizibo kikionekana hakijaguswa, na kupanda nazo ndege saba kutoka Heathrow kwenda Marekani na Kanada. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Agosti 2006 polisi walivunja milango na kukamata watu zaidi ya ishirini.

Asubuhi ile ndiyo iliyozaa maisha tunayoishi viwanjani. Abiria waliofika Heathrow wakiwa na mabegi yao waliambiwa hakuna mzigo wa mkononi hata mmoja. Si kitabu, si simu, si kalamu. Waliruhusiwa mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, na ndani yake pasipoti, pochi, dawa za lazima, miwani bila kasha lake, karatasi laini za mafua bila boksi, funguo za nyumba ila si zile zenye kitufe cha umeme. Mama mwenye mtoto mchanga aliruhusiwa maziwa, kwa sharti la kuyaonja mbele ya mkaguzi. Na mstari mmoja katika orodha ile kwangu unaeleza kila kitu: kikasha cha lenzi za macho kinaruhusiwa, chupa ya dawa yake hairuhusiwi. Karibu miaka kumi na miwili ilikuwa imepita tangu Manila.

Mamia ya safari zilifutwa. Wanamuziki waligoma kukabidhi zeze zao zikatupwe tumboni mwa ndege. Watu walipanda safari za saa nane wakiwa wameshika kile kimfuko kama wagonjwa waliotoka hospitali.

Marufuku kamili haikuweza kudumu. Biashara ya usafiri ingekufa. Wataalamu wakatafuta kiasi ambacho, kwa hesabu zao, hakitoshi kuipasua ndege. Tarehe 26 Septemba Marekani ikaruhusu vichupa vidogo vya wakia tatu, na tarehe 6 Novemba Umoja wa Ulaya ukaja na namba iliyobaki: chombo kisichozidi mililita 100, vyombo vyote viingie kwenye mfuko mmoja wa lita moja unaofungika. Lile shirika la Montreal likazitaka nchi zote zifuate kufikia tarehe 1 Machi 2007. Sheria ya dharura ya mji mmoja ikawa sheria ya Dar es Salaam, Mombasa, Kigali na Muscat kwa muda wa miezi saba hivi. Sijui sheria nyingine ya kawaida iliyoenea haraka namna hiyo na kubishaniwa kidogo namna hiyo.

Mahakama zilikwenda mwendo wake. Kesi ya kwanza ilipomalizika Septemba 2008, baraza la wazee wa mahakama liliwatia hatiani watatu kwa njama ya kuua, lakini halikukubaliana kama kweli walilenga ndege. Ilibidi kesi irudiwe, na Septemba 2009 ndipo Abdulla Ahmed Ali na wenzake wawili walipopatikana na hatia ya njama ya kulipua ndege. Ali alihukumiwa kifungo cha maisha, asitoke kabla ya miaka 40. Dunia ilikuwa imeshatupa shampuu zake mapipani kwa miaka mitatu.

Huku kwetu mililita mia ilikutana na mambo isiyoyafikiria. Samli, kwa mfano, ni kioevu au si kioevu? Mafuta ya nazi ni maji Tanga mchana wa Januari na ni jiwe London, kwa kuwa huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Kanuni zinajibu kwa ujumla wake: majimaji, jeli, krimu, na kila kinachopakazika. Asali imo, achari imo, siagi ya karanga imo. Nimewahi kumwona bibi mmoja kwenye uwanja nisioutaja akimweleza mkaguzi kijana kwa utulivu, "Mwanangu, hii si maji, hii ni dawa ya kifua," na mkaguzi akijibu, "Naelewa, bibi, lakini chupa ni ya nusu lita." Kulikuwa na asali kidogo tu chini ya chupa, kama vijiko viwili. Haikusaidia, maana sheria hupima chombo, haipimi kilichomo. Bibi akavuta kijiko kutoka pochini, akaila yote pale pale kwenye mstari, akamkabidhi kijana chupa tupu.

Waliopona ni wauza manukato. Mafuta ya udi, tangu enzi na enzi, huuzwa kwa tola, kama mililita 12, na kichupa chake hupita ukaguzi wowote kikiwa kimenyooka. Maji ya zamzam hayakupata bahati hiyo. Mahujaji huyakabidhi yakiwa yamefungwa kwa utaratibu wake, mbali na begi la mkononi.

Na ule mfuko wa plastiki ukapambana na sheria nyingine kabisa. Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia tarehe 1 Juni 2019, serikali ililazimika kuwaambia wageni kwamba vifuko vya kufungika vya kubebea vipodozi vitaruhusiwa, kwa kuwa vinatarajiwa kubaki mikononi mwao na kuondoka nao. Kilichotakiwa na Montreal kilikuwa kimekatazwa Dodoma, na mtalii akapewa msamaha katikati.

Adui, wakati huo, alikuwa ameshahama. Tarehe 2 Februari 2016 abiria wa Daallo Airlines aliruka kutoka Mogadishu kwenda Djibouti na kompyuta mpakato iliyokuwa na bomu, aliyokabidhiwa ndani ya uwanja baada ya sehemu ya ukaguzi. Ililipuka ndege ikiwa bado haijapanda juu sana, ikatoboa ubavu, ikamtupa nje mlipuaji mwenyewe; rubani akageuza na kutua salama. Alikuwa amepangiwa ndege ya Uturuki ambayo safari yake siku ile ilifutwa. Hakukuwa na chupa wala kisu katika mkasa ule. Kulikuwa na mfanyakazi wa uwanja. Machi mwaka uliofuata Marekani ikakataza kompyuta kwenye kabini za ndege zilizokwenda kwake kutoka viwanja kumi vya Mashariki ya Kati, Uturuki na Afrika Kaskazini, Dubai, Doha na Jeddah vikiwamo, na Watanzania na Wakenya wanaopitia huko wakajikuta wakifunga kazi zao ndani ya masanduku. Miezi michache baadaye marufuku ikaondolewa.

Siku hizi kinachoogopwa ni betri ya lithiamu, ile ambayo mzee wa Baghdad angeipenda. Nayo imegeuza mantiki juu chini: pawabenki hairuhusiwi kwenye sanduku la chini, lazima iwe mkononi, kwa sababu ikishika moto ni heri ionekane. Baada ya ndege ya Air Busan kuungua uwanjani Korea Kusini Januari 2025, nchi hiyo ilikataza kuziweka kwenye kabati za juu; na kuanzia Oktoba mwaka huo Emirates ikakataza kuzitumia kabisa ndani ya ndege.

Mililita mia yenyewe imeanza kuzeeka. Mashine mpya zinazopiga begi picha za pande zote, kama zile za hospitali zinazoangalia ubongo, zinaweza kutambua majimaji yaliyomo. Mnamo Julai 2025 viwanja vya Edinburgh na Birmingham viliruhusu chupa za hadi lita mbili. Lakini msafiri wa Edinburgh anayebadilisha ndege mahali penye mashine za zamani hupimwa upya kwa kipimo cha 2006, na lita mbili zake humwagwa.

Isipokuwa kama amezinunua dukani, baada ya ukaguzi. Chupa ya pombe kutoka duka lisilotoza ushuru, ikiwa ndani ya mfuko uliofungwa kwa muhuri na risiti ikionekana, huingia ndege karibu zote duniani, lita nzima, na kuwekwa kwenye kabati la juu ya viti.